Kirushio cha modi ya Create katika Minecraft: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu bloku ambayo ndani ya Create imeandikwa Weighted Ejector. Hapa tunaiita kirushio, kwa sababu kazi yake ni kurusha: vitu, wanyama, mazimwi na wachezaji. Majina mengine ya bloku tumeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye mchezo ili uweze kuyatafuta bila kubahatisha. Create ni modi, yaani nyongeza inayobadilisha mchezo, ya Minecraft Java, kwa hiyo yote yaliyomo humu ni ya toleo la Java. Kama unacheza Bedrock kwenye simu, sehemu itakayokufaa ni ile ya slime na pistoni karibu na mwisho, ingawa nayo ina tofauti ndogo huko.

Kirushio kinafanya kazi gani ambayo mkanda hauwezi?

Mkanda hubeba vitu chini, bloku kwa bloku, na kila bloku ya njia unailipia kwa vifaa na kwa nafasi. Kirushio huurusha mzigo juu ya yote hayo. Bonde, mto, barabara ya kijiji, paa la nyumba, vyote kinavipita hewani na kuangusha mzigo pale ulipopachagua. Ndani yake kuna springi inayokazwa kwa mzunguko wa mitambo. Kitu kikikaa juu yake na springi ikiwa imekazwa, kifuniko hufyatuka na kitu kinaondoka kwa njia ya upinde.

Kwa kupeleka mawe kutoka mgodini hadi karakana iliyo ng'ambo ya bonde, hatujaona njia nafuu zaidi. Kwa kusogeza vitu bloku tatu ndani ya chumba, tumia mkanda.

Nahitaji vifaa gani kutengeneza kimoja?

Kirushio kinapangwa wima kwenye meza ya kutengenezea, vitu vitatu: juu Golden Sheet (bati la dhahabu), katikati Depot (meza ndogo ya kuwekea vitu), chini Cogwheel (gurudumu la meno). Ugumu uko kwenye safari ya kuvipata hivyo vitatu, kwa hiyo tuanze chini kabisa.

Kila kitu kinaanzia kwenye Andesite Alloy. Kwa mkono, moja hutoka kwenye jiwe la andesite 2 na vipande vidogo vya chuma 2, vikipangwa kwa mshazari. Utahitaji alloy 4. Hiyo ni andesite 8 na vipande vidogo 8, na mchi mmoja wa chuma (Iron Ingot) hutoa vipande 9, kwa hiyo mchi mmoja unatosha na kimoja kinabaki.

Alloy 2 zikipangwa moja juu ya nyingine hutoa Shaft 8, yaani ekseli. Ekseli moja pamoja na ubao mmoja hutoa Cogwheel. Alloy ya tatu ibonyeze juu ya gogo lililomenywa gome, nalo litageuka Andesite Casing. Alloy ya nne ukiichanganya na hiyo casing unapata Depot.

Golden Sheet haitengenezwi kwa mkono. Mchi wa dhahabu lazima upondwe na Mechanical Press. Press hupangwa wima pia: ekseli juu, Andesite Casing katikati, bloku nzima ya chuma chini. Kwa hiyo kama ndiyo unaanza, andaa michi 9 mingine ya chuma kwa ajili ya hiyo bloku, na alloy nyingine moja kwa casing ya pili. Press iwekwe juu ya Depot na kati yao iachwe bloku moja tupu. Watu wengi huibandika moja kwa moja juu ya Depot kisha wakashangaa haishuki. Depot hiyohiyo ya kupondea unaweza kuing'oa baadaye na kuitumia kwenye kirushio.

Nakiwekaje ili kirushe pale ninapotaka?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na sababu karibu kila mara ni mpangilio wa hatua. Shabaha huchaguliwa kirushio kikiwa bado mkononi. Ukishakiweka chini, umechelewa.

Fanya hivi. Kwanza jenga mahali pa kupokelea: mkanda, Depot au sakafu ya kawaida. Nenda ukasimame karibu napo ukiwa umeshika kirushio. Shikilia Shift, elekeza macho kwenye bloku ya kupokelea, kisha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Maandishi mafupi yatatokea kwenye skrini kukuambia shabaha imewekwa, na bloku hiyo itazungushiwa mstari.

Sasa rudi mahali unapotaka kurushia. Kirushio kikiwa bado mkononi, tazama sehemu utakayokiweka. Mchezo utakuchorea alama za njia ambayo mzigo utapita. Rangi ya kijani maana yake mahali hapo panafaa. Nyekundu maana yake hapafai. Usiweke kwenye nyekundu kwa matumaini kwamba kitajirekebisha. Sogea kushoto au kulia mpaka ipatikane kijani, ndipo uweke. Kirushio kitageuka chenyewe kuelekea shabaha, hata kama wewe ulikuwa umesimama upande mwingine.

Ukikosea shabaha kabla ya kuweka, shikilia Shift na ubonyeze kitufe cha kushoto kwenye bloku ileile, itafutika. Au chagua nyingine tu. Ya mwisho ndiyo inayohesabika.

Kwa nini kinatupa vitu bloku moja tu mbele yake?

Kwa sababu hakina shabaha halali. Kirushio kisichopewa shabaha hurusha kwenye bloku iliyo mbele yake moja kwa moja, na ulipokiweka mchezo ulikuambia hivyo kwa maandishi ambayo pengine hukuyasoma. Kuna namna tatu za kufika hapo.

Ya kwanza, hukuchagua shabaha kabisa. Ya pili, shabaha iko mbali kupita kiasi. Ya tatu, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote, ni kwamba shabaha haiko kwenye mstari ulionyooka na kirushio. Kirushio hurusha kaskazini, kusini, mashariki au magharibi, basi. Hakirushi kwa mshazari. Kama shabaha iko bloku 20 mashariki na bloku 1 kaskazini, hiyo bloku 1 inatosha kuharibu kila kitu.

Bonyeza F3 usome namba za mahali. Kirushio na shabaha lazima walingane X au walingane Z. Y inaweza kutofautiana: shabaha inaweza kuwa juu ya mlima au chini ya korongo.

Umbali wa mwisho ni upi?

Bloku 32 kwa mlalo, kwa mipangilio ya kawaida ya modi. Mwenye seva anaweza kubadili namba hiyo kwenye faili la create-server.toml, kwenye mstari wa maxEjectorDistance. Kwa hiyo ukiona kwenye seva ya rafiki kirushio kinafika bloku 50, au kinakataa bloku 20, sababu iko kwenye faili hilo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya 32, panga virushio kwa mfululizo, kimoja kikiwa ndiyo shabaha ya kingine. Kila kimoja kitahitaji mzunguko wake. Jenga kuanzia mwisho ukirudi mwanzo: weka kwanza kirushio cha mwisho, kichague kuwa shabaha ya kinachokitangulia, na kuendelea. Ukianza mwanzoni utajikuta unaving'oa vyote.

Naweza kubadili shabaha bila kukivunja?

Hapana. King'oe, chagua shabaha upya, kiweke tena. Ukikibonyeza na spana ya Create (Wrench) huku umeshikilia Shift kinarudi kwenye begi lako mara moja. Ukitaka tu kukumbuka kilikuwa kimelenga wapi, shika spana mkononi na ukitazame. Shabaha yake itaonyeshwa kwa mstari.

Nguvu inaingia upande gani, na kinakula kiasi gani?

Ekseli inaingia ubavuni, kushoto au kulia ukitazama uelekeo wa kurusha. Mbele na nyuma haingii. Ekseli inapita upande mmoja hadi wa pili, kwa hiyo virushio kadhaa vikisimama bega kwa bega vyote vikitazama upande mmoja vinaweza kuendeshwa na mstari mmoja wa ekseli bila gia yoyote ya ziada. Huu ndio mpangilio tunaoupenda kwa karakana: mstari mmoja, virushio vitano, kila kimoja na shabaha yake.

Kila kirushio kinatumia 2 su (kipimo cha Create cha mzigo wa mitambo) kwa kila RPM, yaani mzunguko mmoja kwa dakika. Ukikizungusha kwa RPM 8 kinakula 16 su, ukikizungusha kwa RPM 64 kinakula 128 su, na kwa RPM 256 ambayo ndiyo kasi ya juu kabisa kinakula 512 su. Mzigo unakua pamoja na kasi.

Chukua Water Wheel ndogo. Inazunguka kwa RPM 8 na kutoa 256 su. Kwa kasi hiyo inabeba virushio 16. Ukiweka Cogwheel kubwa ikiendesha ndogo, kasi inakuwa RPM 16 lakini kila kirushio sasa kinakula 32 su, kwa hiyo idadi inashuka hadi 8. Ukirudia mara mbili zaidi unafika RPM 64 na unabaki na virushio 2 tu. Ukizidisha hapo mtandao unalemewa na kila kitu kilichounganishwa kinasimama, si kile kilichozidi peke yake. Vaa Engineer's Goggles utazame mtambo wowote wa mtandao huo. Utaona kiasi kinachotumika na kilichobaki.

Kwa majaribio ya haraka Hand Crank inafaa: RPM 32, unaizungusha kwa mkono. Inasaidia kuhakikisha shabaha kabla hujahangaika kuvuta maji.

Kinafanya kazi, lakini kinachelewa mno. Nifanyeje?

Baada ya kila mrusho springi lazima ikazwe upya, na muda wa kukaza unategemea mambo mawili: kasi ya ekseli na umbali wa shabaha. Kasi ikiongezeka mara mbili, muda unakuwa nusu. Umbali ukiongezeka mara mbili, muda nao unaongezeka mara mbili. Kwa hiyo kirushio cha bloku 30 kinachoendeshwa na gurudumu la maji lisilo na gia kitakuchosha, na hakina kosa lolote.

Kabla hujaongeza kasi, angalia kama unarusha vitu vingi kwa pamoja. Kurusha kitu kimoja na kurusha rundo la 64 huchukua muda uleule wa kukaza. Kirushio kikipokea kimojakimoja kutoka kwenye mkanda, kitafyatuka kwa kila kimoja, na hapo ndipo foleni inapoanza. Kiambie kisubiri rundo lijae. Hilo ndilo swali linalofuata.

Nawezaje kukifanya kisubiri idadi fulani?

Shika spana, elekeza kwenye kisanduku cha namba kilicho kwenye kirushio na upange idadi, kuanzia 1 hadi 64. Alama ya nyota maana yake hakuna idadi iliyopangwa, na kirushio kitafyatuka kwa chochote kitakachofika. Ukipanga 16, kitakusanya hadi 16 na hakitapokea zaidi ya hapo mpaka kifyatuke.

Jihadhari na mabaki. Kama umepanga 64 na mgodi wako umetoa 190, mirusho miwili itaondoka na vitu 62 vitabaki vimekaa juu ya kirushio vikisubiri viwili zaidi. Si hitilafu. Kwa vitu vinavyokuja kwa wingi bila kukoma, 64 ni sawa. Kwa vitu adimu kama almasi, acha nyota.

Idadi hii pia inatumika kugawa marundo. Weka Brass Tunnel juu ya mkanda mkuu, na kirushio upande ambako handaki hilo linatolea vitu pembeni. Panga Brass Tunnel ipendelee njia ya karibu, yaani Prefer Nearest. Idadi uliyoweka kwenye kirushio ndiyo itakayokatwa kutoka kwenye kila rundo, na kilichobaki kitaendelea na safari yake kwenye mkanda. Kwa mtu anayepeleka viungo kwa kipimo kamili kwenye mashine ya kuchanganyia, hii inaokoa msururu mrefu wa redstone, yaani nyaya za umeme za Minecraft.

Vitu vinaanguka njiani au chini badala ya kuingia kwenye kasha. Kwa nini?

Tenganisha matatizo mawili.

Vikianguka kabla ya kufika, kuna bloku kwenye njia. Kirushio kinakagua upinde wake, na mzigo ukigonga bloku unaishia hapo hapo. Mara nyingi ni jani la mti, taa, au dari uliyoijenga siku moja baada ya kirushio. Kumbuka kwamba upinde unapanda kabla ya kushuka. Ukuta wa bloku 3 ulio katikati unaweza usiwe tatizo, na dari ya bloku 3 juu ya kirushio ikawa tatizo kubwa. Ukiwa ndani ya jengo, toboa dari au sogeza kirushio nje.

Vikifika lakini havihifadhiwi, tazama unarushia nini. Mkanda na Depot hupokea vizuri, na vikijaa kirushio husubiri nafasi badala ya kumwaga. Sakafu tupu haina cha kupokea, kwa hiyo vitu vitalala chini kama vilivyodondoshwa, na vikikaa dakika 5 bila kuokotwa vitatoweka. Mpangilio ambao haujatusumbua ni kurushia kwenye mkanda mfupi wa bloku 3 au 4, ambao mwisho wake unatazama Andesite Funnel (mdomo wa kuingizia vitu) iliyobandikwa kwenye kasha. Mkanda huo unahitaji kuzunguka, hata kwa RPM 8. Kama upande wa kupokea hakuna nguvu yoyote, weka hopa kwenye sakafu uilenge, na uzungushie ukuta wa bloku moja ili visiruke pembeni.

Naweza kujirusha mwenyewe?

Ndiyo. Kanyaga kirushio kilichokazwa na utaondoka. Wachezaji na viumbe hufyatuliwa wakati wote, hata kama umepanga idadi ya vitu. Ukitaka kupita juu yake bila kurushwa, shikilia Shift.

Kinakusogeza kwanza hadi katikati ya bloku ndipo kinakufyatua, kwa hiyo hakuna haja ya kujipanga kwa uangalifu. Jambo la kuzingatia ni vidole vyako. Ukiwa hewani, vitufe vya kutembea bado vinakusukuma kidogo, na kwenye safari ya bloku 30 hicho kidogo kinakutoa nje ya shabaha. Achia W kabla hujakanyaga, au ufike kwa kuruka ukaachia.

Ukiwa umevaa elytra, mabawa yanafunguka yenyewe wakati wa kufyatuliwa na unaelekezwa juu kidogo. Hapo shabaha haina maana tena, kwani unapaa. Kirushio kilicholenga mbali kinakupa mwanzo mzuri wa kuruka bila kuunguza fataki hata moja.

Kila nikitua naumia. Nitatuaje salama?

Kirushio chenyewe hakikulindi na anguko. Minecraft huhesabu anguko kuanzia sehemu ya juu kabisa ya upinde, si kutoka uliporukia. Ndiyo maana unaumia hata kama unatua kwenye kimo kilekile ulichoondokea. Bloku 3 za kwanza ni bure, kisha kila bloku inakuondolea nusu moyo. Anguko la bloku 23 linamuua mchezaji mwenye afya kamili asiye na kinga yoyote.

Maji ndiyo jibu la kwanza. Kwenye Java, kina cha bloku moja kinatosha kufuta madhara yote. Chimba dimbwi la 3 kwa 3 katikati yake ikiwa shabaha, kwa sababu hutatua kwenye bloku ileile kila mara. Slime nayo hufuta madhara, mradi usiwe umeshikilia Shift, lakini itakudundisha. Theluji laini, ile inayozamisha, hufuta pia. Bloku ya asali na rundo la majani makavu hupunguza asilimia 80 tu, na kitanda hupunguza nusu. Hizo zinatosha kwa upinde mfupi, kwa mrefu hapana.

Feather Falling ya daraja la IV kwenye viatu inapunguza asilimia 48. Dawa ya Slow Falling inafuta kabisa anguko, lakini pia inabadilisha namna unavyoshuka, kwa hiyo utapitiliza shabaha. Usiitumie kwenye mfululizo wa virushio.

Kuhusu mfululizo: ukitua kwenye kirushio ambacho springi yake bado inakazwa, hutarushwa. Utasimama juu yake ukisubiri. Kwa njia ya abiria, ongeza kasi ya virushio vya kati kuliko cha kwanza.

Vipi kuhusu wanyama na wanakijiji?

Wote wanarushika. Kuku na paka hawaumizwi na anguko, na Iron Golem vilevile, kwa hiyo hao unaweza kuwarusha popote. Ng'ombe, kondoo na wanakijiji wanaumia kama wewe, na mwanakijiji aliyekwisha kufunguliwa biashara nzuri ni hasara kubwa kumpoteza. Wape maji ya kutulia, tena dimbwi pana zaidi ya lile lako, kisha jaribu na kondoo kwanza.

Redstone inafanya nini kwake?

Inakizuia. Hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu wamezoea vifaa vinavyoanza kazi vikipata umeme wa redstone. Kirushio chenye umeme hakifyatuki. Ukikata umeme kinafyatuka, ikiwa kimekazwa na kuna kitu juu yake. Kwa hiyo wenzo ulioachwa umewashwa karibu yake ni sababu ya kawaida ya malalamiko kwamba kirushio kimekufa.

Ukitaka kifyatuke kwa kitufe, geuza alama: weka tochi ya redstone iwe inakipa umeme wakati wote, na kitufe kiizime hiyo tochi. Unakaa juu, unabonyeza, unaondoka. Kwa lango la kijiji hii ni salama kuliko kukiacha wazi, maana Creeper naye anaweza kukikanyaga.

Observer (bloku inayotambua mabadiliko) ikikitazama hutoa mpigo kila kinapofyatuka. Ukiiunganisha na kihesabio, unajua marundo mangapi yameondoka.

Je, naweza kurusha bila modi yoyote?

Ndiyo, kwa pistoni na slime, ila shabaha utaitafuta kwa kujaribu na kurekebisha. Pistoni hutengenezwa kwa mbao 3, mawe ya cobblestone 4, mchi 1 wa chuma na unga 1 wa redstone. Ongeza donge 1 la slime upate pistoni ya kunata. Bloku ya slime inakula madonge 9.

Pistoni itazame juu, slime iwe juu yake, nawe usimame juu ya slime. Ukiipa umeme, slime inasukumwa na wewe unarushwa juu. Ukitaka kwenda mbele, weka pistoni nyingine ya kulala ambayo slime yake itakugonga ubavuni unapopanda. Muda kati ya hizo mbili ndio unaoamua umbali.

Makosa matatu yanajirudia. Pistoni husukuma bloku 12 tu, na slime huvuta kila bloku inayoigusa, kwa hiyo slime inayogusa sakafu inajaribu kubeba sakafu nzima na pistoni inagoma. Acha nafasi pembeni, au zungushia obsidian ambayo haisogei wala kunata. Pili, kwenye Java mpigo mfupi sana wa umeme huifanya pistoni ya kunata iache slime juu na kurudi mtupu. Tumia kitufe, mpigo wake ni mrefu wa kutosha. Tatu, watu huweka bloku ya asali wakidhani ni sawa na slime. Asali inabeba, hairushi.

Schematicannon nayo ni kirushio?

Ni chombo kingine kabisa cha Create. Huo ni mzinga: unaupa ramani ya jengo, vifaa na baruti, nao unapiga bloku mojamoja hadi kila moja ikae mahali pake. Mipangilio ya kawaida ni bloku 400 kwa kila baruti 1, na mpigo mmoja kila tiki 10, yaani bloku 2 kwa sekunde. Nyumba ya bloku 1,000 itakula baruti 3 na kuchukua dakika 8 na sekunde 20.

Mzinga huchota vifaa kwenye makasha yanayougusa. Ramani lazima iwe imeshapangwa mahali pake duniani kabla ya kuiingiza, vinginevyo mzinga haujui pa kupiga. Weka kitabu au Clipboard kwenye nafasi yake ndani ya mzinga na utakuandikia orodha ya vifaa vyote vinavyohitajika. Fanya hivyo kwanza. Pia tazama vitufe vya kubadilisha bloku zilizopo: ukichagua ule unaoruhusu hata nafasi tupu za ramani kufuta bloku, mzinga utasawazisha kilima pamoja na chochote ulichokuwa umejenga juu yake.

Nifanye nini toleo langu likitofautiana na maelezo haya?

Weka kipanya juu ya kirushio ndani ya begi lako na ushikilie W. Create itakufungulia onyesho lake, Ponder, lililotengenezwa kwa toleo hilohilo ulilonalo. Kirushio kina maonyesho ya kulenga, ya Brass Tunnel na ya redstone. Kwenye seva, hakikisha toleo la Create ulilonalo ni lilelile la seva. Yakitofautiana kwa kawaida hata kuingia hutaweza.